Pembe, Vilima na Mpaka: Upimaji wa Ardhi Tarime na Serengeti

Mpaka wa kaskazini wa Wilaya ya Tarime, unaoitenga Tanzania na Kenya pale Sirari na kuendelea kusini-mashariki hadi kwenye nyika za Serengeti, haufuati mto, wala mgongo wa milima, wala njia ya zamani ya wafugaji; unafuata hesabu. Waliouafiki kwanza, huko Ulaya mwaka 1886, hawakuwa wameiona nchi yenyewe, na waliokuja kuuweka chini miaka 18 baadaye walifika na vyombo vya kupimia pembe, wakapanda vilima, wakalengana kutoka kilele hadi kilele, kisha wakakokotoa ni wapi hasa mstari uliokwisha kukubaliwa ulipaswa kupita. Hisabati waliyoitumia ni ileile ambayo mwanafunzi wa sekondari wa Tarime au wa Mugumu, makao ya Wilaya ya Serengeti, hukutana nayo leo chini ya kichwa cha trigonometria, na tangu wakati huo imetumika katika wilaya hizi mbili kuchora ramani, kuhesabu wanyama kutoka angani na kuchimba dhahabu. Ukiifuatilia historia yake, utaona kwamba pembe zenyewe zilipimwa kwa uangalifu mkubwa, na kwamba lawama nyingi zinazobebeshwa vipimo vya wakoloni zingestahili kubebeshwa swali ambalo wapimaji waliagizwa kulijibu.

Msingi wa kazi yote ni pembetatu mraba, yaani pembetatu yenye pembe moja ya digrii 90. Mtu akisimama bondeni na kuutazama usawa wa macho yake, mstari anaoutazama huitwa mlalo. Akiinua macho hadi kwenye kilele cha kilima, kiasi alichoyainua kutoka kwenye mlalo ndicho pembe ya mwinuko, na aliyeko kileleni akiyateremsha macho yake kutoka kwenye mlalo wake hadi kwa aliyeko bondeni, kiasi hicho huitwa pembe ya mshuko. Kimo cha kilima, umbali wa mlalo na mstari wa macho huunda pembetatu mraba, na uwiano kati ya kimo na umbali wa mlalo, unaoitwa tanjenti, haubadiliki maadamu pembe haijabadilika, hata pembetatu iwe kubwa au ndogo kiasi gani. Kwa hiyo anayeujua umbali na pembe anakijua na kimo, bila kupanda.

Kabla ya vyombo hivyo kufika, nchi ya Wakuria ilikuwa na mipaka yake. Kila ukoo mkubwa, kama vile Wairege, Wanyabasi, Watimbaru au Wanyamongo, ulikuwa na eneo lake lililoitwa ikiaro, na mwisho wa eneo hilo ulijulikana kwa vijito, migongo ya vilima, malisho na makaburi, huku mambo mazito yakiamuliwa na wazee wa baraza liitwalo inchama. Upande wa kusini wa Mto Mara, Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye walikuwa na maeneo yao kwa namna kama hiyo. Mipaka ya aina hii ilikuwa mipana. Kati ya jirani na jirani palikuwa na ukanda ambao wote waliuchungia au wote waliuogopa, na ukanda huo ungeweza kusogea baada ya vita, njaa au mapatano. Jambo hilo ni la kukumbukwa, kwa sababu mstari wa mpimaji hauna upana.

Mzungu aliyeacha ramani ya mapema ya sehemu hizi ni Oscar Baumann, raia wa Austria aliyepita Serengeti na Ikoma mwaka 1892 akielekea Ziwa Victoria, akaikuta nchi imedhoofika kwa njaa iliyofuata sotoka, ugonjwa uliokuwa umewamaliza ng'ombe wa Afrika Mashariki muda mfupi kabla. Ramani yake ilikuwa ramani ya msafara: mwelekeo ulichukuliwa kwa dira, umbali ulikadiriwa kwa mwendo wa wapagazi na saa, na mahali hapa na pale palihakikiwa kwa nyota. Kosa la asubuhi hubebwa hadi jioni, na la jioni hadi kesho yake. Kazi ya namna hiyo humfaa anayetaka kujua kilipo kijiji au kisima, lakini haimfai mwenye kutaka kusema mguu wa kulia umo katika nchi moja na wa kushoto katika nyingine.

Na hilo ndilo serikali mbili zilikuwa zimelitaka. Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886 yalisema kwamba mstari ungetoka pwani kwenye Mto Umba hadi Ziwa Jipe, ungezunguka Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini, halafu ungekwenda moja kwa moja hadi mahali ambapo ufuko wa mashariki wa Ziwa Victoria unakatwa na latitudo ya digrii 1 kusini mwa ikweta. Mapatano ya tarehe 1 Julai 1890 yaliuendeleza ziwani kwa kuifuata latitudo hiyohiyo kuelekea magharibi. Ni rahisi kudhani kuwa latitudo ya digrii 1 ndiyo mpaka wa Tarime, na si hivyo. Kwa upande huu, latitudo hiyo ni mpaka ndani ya ziwa tu. Ukifika nchi kavu, mstari hushuka kwa takriban digrii 29 kusini mwa mashariki, yaani kwa kila kilomita 100 za kwenda mashariki huteremka kusini kwa kiasi cha kilomita 55. Ndiyo maana Sirari iko karibu robo ya digrii kusini zaidi ya mahali mpaka unapotoka majini, na mtu anayeufuata mpaka huo anatembea juu ya upande mrefu wa pembetatu mraba kubwa ambayo pande zake nyingine hazikuwahi kuchorwa.

Kazi ya kuuweka mstari huo juu ya ardhi ilifanywa na tume ya pamoja ya Waingereza na Wajerumani kati ya mwaka 1904 na 1906, upande wa Waingereza ukiongozwa na Kapteni G. E. Smith wa kikosi cha wahandisi wa kifalme, ambaye mwaka 1907 alichapisha maelezo ya safari yao kutoka Ziwa Victoria hadi Kilimanjaro katika jarida la Shirika la Kifalme la Jiografia la London. Tatizo lao lilikuwa gumu kuliko linavyoonekana. Mstari ulionyooka kati ya nukta mbili huchorwa kwa rula pale ambapo nukta zote zinaonekana, lakini kati ya ziwa na mlima huo kuna zaidi ya kilomita 400, ukuta wa Isuria, nyanda za Wamasai na bonde la Natron, wala hapakuwa na mahali ambapo mtu angesimama azione ncha zote mbili. Aliyeko ufukoni hakuweza hata kujua aelekeze chombo chake upande gani, na kosa la dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii, lingemfikisha zaidi ya mita 100 kando baada ya mwendo huo.

Jawabu la taaluma hii kwa tatizo la namna hiyo ni mnyororo wa pembetatu. Huanza kwa kupima umbali mmoja kwenye ardhi tambarare, kwa utepe au waya wa chuma, polepole na kwa kurudia. Umbali huo huitwa tako la upimaji. Kutoka kwenye ncha zake mbili hupimwa pembe za kuelekea kilima cha tatu, na kwa kuwa pembetatu yenye upande mmoja na pembe mbili zinazojulikana haiwezi kuwa na umbo jingine, pande zilizobaki hupatikana kwa hesabu. Kila upande uliopatikana hugeuka tako la pembetatu inayofuata, na hivyo upimaji huruka kutoka kilima hadi kilima bila mtu kukanyaga bonde lililo katikati. Nyuzi za pembe husomwa kwa teodolaiti, chombo chenye darubini iliyokaa juu ya duara mbili zilizochanjwa digrii, moja ya mlalo kwa ajili ya mwelekeo na moja ya wima kwa ajili ya mwinuko na mshuko. Kilima kilicho mbali hakionekani kwa kilele chake tu, bali kwa bikoni, yaani lundo la mawe lenye mlingoti, au kwa kioo kinachorudisha mwanga wa jua kumwelekea mpimaji. Nchi ya Tarime, kwa vilima vyake vilivyoachana, inaifaa kazi hii. Kinachoisumbua ni ukungu wa asubuhi na, wakati wa kiangazi, moshi wa nyasi zinazochomwa, ambao huweza kukifuta kilima cha kilomita 30 kwa siku nzima.

Vimo navyo vilipatikana humohumo, na hapa ndipo pembe za mwinuko na za mshuko zinapofanya jambo ambalo ubao wa darasani hauwezi kulionyesha. Tuseme kilima kiko umbali wa kilomita 12 na kinaonekana kwa pembe ya mwinuko ya digrii 2. Tanjenti ya digrii 2 ni 0.0349, hivyo kimo cha kilima juu ya mpimaji, kwa hesabu ya shule, ni mita 419. Lakini dunia imepinda, na katika umbali wa kilomita 12 uso wake huteremka chini ya mlalo wa mpimaji kwa karibu mita 11. Hewa nayo huupinda mwanga kidogo kuelekea chini na kurudisha kama sehemu moja ya saba ya mita hizo, kwa hiyo kimo halisi kinakaribia mita 429. Mwanafunzi hufundishwa kwamba pembe ya mwinuko kutoka chini ni sawasawa na pembe ya mshuko kutoka juu, kwa kuwa milalo miwili ni sambamba. Juu ya dunia yenye umbo la mpira milalo hiyo si sambamba: timazi ya aliyeko bondeni na timazi ya aliyeko kileleni zote huelekea katikati ya dunia, na kwa kilomita 12 zinatofautiana kwa zaidi ya dakika 6 za pembe. Wapimaji waliigeuza kasoro hiyo kuwa dawa. Mmoja akipima kutoka chini na mwenzake kutoka juu, ikiwezekana kwa saa ileile ya mchana hewa inapokuwa imetulia, wastani wa pembe hizo mbili hufuta karibu upindo wote wa dunia na wa hewa kwa pamoja, bila mtu kulazimika kuujua ukubwa wake.

Upindo huo ulikuwa umewahi kutumiwa kwa makusudi karne tisa nyuma, pale al-Biruni, mwanazuoni wa Khwarizm, alipopanda mlima karibu na ngome ya Nandana katika nchi inayoitwa leo Pakistani, akapima pembe ndogo ya mshuko kati ya mlalo na upeo wa macho, na kwa pembetatu mraba moja tu akakokotoa nusu kipenyo ya dunia yote. Kilichokuwa kero kwa tume ya mpaka, kwake kilikuwa ndicho kitu cha kutafutwa.

Ncha ya magharibi ya mstari ilihitaji pembe ya mwinuko ya aina nyingine, ile ya nyota. Latitudo ya mahali haina alama juu ya ardhi, na njia iliyokuwepo wakati huo ya kuipata ilikuwa kuisubiri nyota iliyokwisha kupimwa na waangalizi wa anga ivuke mstari wa kaskazini na kusini, na kusoma iko juu kiasi gani. Nyota moja ikichaguliwa upande wa kaskazini na nyingine upande wa kusini kwa kimo kinachokaribiana, kosa la hewa katika moja huondolewa na lile la nyingine. Sekunde moja ya pembe, ambayo ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii, ni karibu mita 31 ardhini, na teodolaiti za wakati ule, zikiwa mikononi mwa watu wenye subira ya kurudia usiku baada ya usiku, ziliweza kulikaribia kosa dogo la kiasi hicho. Palikuwa na ugumu mmoja ambao subira haiuondoi. Mlalo wa mpimaji hutokana na pimamaji na timazi, na timazi huvutwa kidogo na uzito wa milima na miamba iliyo karibu; kwa hiyo digrii 1 inayosomwa kwa nyota na digrii 1 inayokokotolewa kwa umbo la dunia huweza kuachana kwa mita mia moja au zaidi, na hakuna hata mmoja aliyekosea.

Baada ya mnyororo kukamilika, hesabu zilifanywa kwa majedwali ya logi, mwelekeo wa mstari ukapatikana, na nguzo za mpaka zikajengwa mahali mstari ulipovuka vilima na njia. Idadi ya nguzo ilikuwa ndogo kwa nchi ndefu kiasi hicho, kwa hiyo mtu wa Sirari au Nyamwaga aliweza kuzeeka bila kuiona hata moja. Mizigo ya tume, maji, mahema na vyombo vizito vya chuma, ilibebwa na wapagazi. Mapatano ya mwisho yalitiwa sahihi tarehe 18 Julai 1906 huko Berlin, na kuanzia hapo Wairege, Wanyabasi na koo nyingine za Wakuria zikawa na watu chini ya Waingereza na watu chini ya Wajerumani, ambao kituo chao cha karibu kilikuwa Shirati, na kusini zaidi wakajenga ngome ya Ikoma juu ya kilima.

Ni rahisi kusema kwamba mstari huo uliwekwa hovyo, na usemi huo umezoeleka. Ukweli unauma zaidi: uliwekwa kwa ustadi. Kila pembe ilirudiwa na kila pembetatu ilijumlishwa kuona kama inatimiza digrii 180, lakini katika safari yote hapakuwa na safu katika daftari la vipimo ya kuandika ni nani anayelima chini ya mstari wa darubini. Kwingineko tume za aina hiyo ziliusogeza mpaka ili ufuate mto au mgongo wa kilima pale ilipofaa. Katika nchi ya Wakuria mstari ulibaki mstari.

Vita Kuu ya Kwanza iliufanya mpaka huo usiwe na uzito kwa muda, kwa kuwa Tanganyika nayo iliwekwa chini ya Waingereza, na kwa zaidi ya miaka 40 nguzo zilitenganisha wilaya za watawala walewale. Tarime ikawa makao ya wilaya iliyoitwa North Mara. Wakati huo kazi kubwa ya pembetatu ilikuwa ikifanyika upande wa pili wa nchi, kwenye mnyororo wa nyuzi ya 30 ya longitudo, ambao David Gill, mwanaastronomia wa Rasi ya Tumaini Jema, alikuwa ameupendekeza mwaka 1879 ili uende kutoka Afrika Kusini hadi Misri. Kipande cha Uganda kilikuwa kimepimwa mwaka 1908 na 1909, kile cha Tanganyika kilipimwa na Martin Hotine mwanzoni mwa miaka ya 1930, na pengo la mwisho, huko Sudan, lilizibwa mwaka 1954 na Wamarekani. Hotine huyohuyo aliongoza idara ya upimaji wa makoloni iliyoanzishwa London mwaka 1946, ambayo ilipiga picha za angani na kuzifunga kwenye bikoni za vilimani ili kuchora ramani za kipimo cha 1:50,000. Ramani hizo za Tarime na Mugumu, zenye majina ya vilima na mistari ya kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu za kimo kimoja, bado zinatumika katika ofisi za ardhi.

Hesabu zote hizo zilirekebishwa kwa pamoja na kupewa mfumo mmoja wa majira, yaani namba zinazotaja mahali, unaoitwa Arc 1960. Mfumo huo huchukulia umbo na kitovu cha dunia tofauti kidogo na mfumo wa kimataifa unaotumiwa na simu na setilaiti, na katika sehemu hizi za karibu na ikweta tofauti hiyo ni takriban mita 300 kwa upande wa kaskazini na kusini. Mtu akisoma majira ya nguzo kwenye ramani ya zamani na kuyaingiza kwenye simu bila kuyabadilisha, atapelekwa mita 300 mbali na nguzo, na akiwa Sirari huenda akajikuta amehukumu kwamba duka la jirani yake liko nchi ya pili. Wapima ardhi wanalijua hili vizuri. Wanaogombania viwanja aghalabu hawalijui.

Upande wa Serengeti pembe ya mshuko ilipata kazi ambayo hakuna tume iliyoifikiria. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, kutoka Frankfurt, waliruka juu ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti mwaka 1958 katika ndege ndogo iliyopakwa milia ya punda milia, wakijaribu kuhesabu wanyama wote kwa macho ili kuonyesha kama mipaka mipya iliyokuwa ikijadiliwa ingewafaa; Michael alifariki katika ajali ya ndege hiyo Januari 1959. Walihesabu nyumbu wasiofika 100,000, na hesabu zilizofuata zinaonyesha kwamba waliwapunja sana. Miaka ya 1960, kituo cha utafiti kilipowekwa Seronera, ilidhihirika kuwa kuhesabu kila mnyama ni kujidanganya, na kwamba ni afadhali kuhesabu kwa uhakika katika ukanda mwembamba na kukisia kilichobaki kwa uwiano. Swali likawa: ukanda wa upana gani?

Jibu lilitolewa kwa pembetatu mraba, na Mike Norton-Griffiths, aliyefanya kazi Serengeti, alilifafanua katika kitabu cha mwongozo wa kuhesabu wanyama kilichotolewa Nairobi miaka ya 1970. Fito mbili hufungwa kwenye nguzo ya bawa la ndege, na mhesabuji, akiweka kichwa chake mahali palepale daima, huhesabu wanyama wanaopita kati ya fito hizo tu. Kila ufito unafunga pembe moja ya mshuko. Ndege ikiwa mita 90 juu ya ardhi, ufito wa ndani ukishika pembe ya mshuko ya digrii 50 na wa nje digrii 20, mstari wa kwanza hugusa ardhi mita 76 kutoka chini ya ndege na wa pili mita 247, hivyo ukanda una upana wa mita 171 hivi. Rubani akipanda mita 10 tu, pembe hazibadiliki lakini ukanda hupanuka hadi karibu mita 191, na mhesabuji, pasipo kufanya kosa lolote, huhesabu wanyama zaidi ya anaostahili kwa moja ya tisa. Ndege ikilala upande kidogo, pembe zote mbili hubadilika kwa pamoja na ukanda hupoteza maana. Ndiyo maana kabla ya kazi ndege hupitishwa mara nyingi juu ya uwanja uliowekwa alama chini, fito hurekebishwa, na wakati wa kuhesabu kimo husomwa kila mara kwa altimita ya rada badala ya kukadiriwa.

Nyumbu, kwa wingi wao, walihesabiwa zaidi kwa picha zilizopigwa moja kwa moja kuelekea chini, na huko nako eneo linalofunikwa na picha hutegemea kimo cha ndege kwa kanuni ileile ya pembetatu zinazofanana. Hesabu hizo zilionyesha kundi likipanda kutoka karibu 260,000 mwaka 1961 hadi zaidi ya milioni 1.3 mwaka 1977, na sababu kubwa ikatambuliwa kuwa ni kutoweka kwa sotoka baada ya chanjo ya ng'ombe nje ya hifadhi, yaani ng'ombe wa Waikoma, Wakuria, Wasukuma na Wamasai. Ugonjwa uleule ambao Baumann aliuona ukifukarisha nchi ulikuwa umewapunguza na nyumbu kwa miaka 70, wala hakuna aliyejua ukubwa wa upungufu huo mpaka upana wa ukanda ulipojulikana.

Tukirudi Tarime, huko Nyamongo, ambako mgodi mkubwa wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, pembe hutazama chini zaidi. Mwamba wenye dhahabu hauingii ardhini wima, na wachimbaji wadogo waliokuwepo kabla ya mgodi walilijua hilo kwa uzoefu wa mikono. Mwamba unaoinama kwa digrii 60 kutoka kwenye mlalo, duara, yaani shimo la wima la wachimbaji, lililochimbwa mita 30 kutoka unapochomoza litaukuta kwenye kina cha mita 52. Ukiinama kwa digrii 45, kina ni mita 30. Tofauti ya mita 22 za mwamba mgumu ni wiki nyingi za kazi na magogo mengi ya kuzuia kuta. Katika mashimo ya wazi ya mgodi, mteremko wa kuta hupimwa kila siku kwa vyombo vinavyorusha mwale kwenye vioo vilivyowekwa ukutani na kusoma umbali na pembe ya mshuko, ili msogeo wa milimita chache ugunduliwe kabla ukuta haujaporomoka. Chombo hicho ni mjukuu wa teodolaiti ya tume ya mpaka, ila umbali, uliokuwa ukisumbua wapimaji wa kale kwa majuma, sasa hupatikana kwa sekunde.

Katika shule za sekondari somo hili hufundishwa kwa mifano ya mnara, mti na mashua iliyo chini ya jabali la bahari, na mwanafunzi wa Nyamwaga ambaye hajawahi kuliona jabali la bahari huikokotoa mashua hiyo hali dirishani mwake kuna kilima chenye bikoni. Ni upungufu mdogo wa vitabu, lakini unaficha historia nzima.

Bikoni nyingi kati ya hizo zimevunjwa kwa sababu za kawaida: saruji inatafutwa, mawe yanajengewa, na watu wengine huamini kuwa chini yake kuna mali iliyofukiwa na Wajerumani. Nguzo za mpaka nazo zilipungua kwa njia hiyohiyo, na katika muongo uliopita Tanzania na Kenya zilianza kuukagua upya mpaka wao kwa awamu, awamu ya kwanza ikiwa ni kipande cha kutoka Ziwa Victoria hadi Ziwa Natron, kinachopita Tarime na Serengeti. Vyombo sasa ni vipokezi vya setilaiti, ambavyo vingeweza kuuchora mstari wa mwaka 1886 kwa usahihi wa sentimita bila kupanda kilima chochote. Wataalamu hawakutumwa kufanya hivyo. Azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika la Cairo, mwaka 1964, liliziagiza nchi kuheshimu mipaka zilizoikuta siku ya uhuru, na kwa mazoea ya sheria ya mipaka nguzo iliyosimamishwa na kukubaliwa na pande zote ina nguvu kuliko majira yaliyokusudiwa, hata kama mkono wa mpimaji au mvuto wa mlima uliisogeza. Kwa hiyo pale msingi wa nguzo ya tume ulipopatikana, ndipo mpaka ulipo, na nguzo mpya za kati hujengwa kwenye mstari unaounganisha zile za zamani, kwa umbali mfupi zaidi, ili aliyesimama kwenye moja aweze kuiona inayofuata.